Nimeuziwa santuri inayokwama, nikaambiwa ndivyo wimbo ulivyo

Nyota moja. Naiandika mapema kabla sijabadili mawazo, maana tangu juzi nimeshayabadili mara tatu.

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua santuri ya Remain in Light ya bendi ya Talking Heads kwa muuzaji mmoja wa Nairobi, anayebandika mali yake mtandaoni. Jina lake silitaji. Tangazo lilisema "safi kama mpya". Ilifika Arusha kwa basi, ndani ya boksi la biskuti, nikaifuata stendi mwenyewe kama mtu anayempokea mkwe.

Upande wa kwanza una nyimbo tatu. Wa tatu, The Great Curve, ulikuwa unakwama. Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu timamu, nilikaa na santuri hiyo zaidi ya wiki mbili bila kujua kwamba inakwama.

Msinicheke kabla sijajieleza. Wengi mnaijua bendi hii kwa yule bwana mwembamba, mwimbaji wao David Byrne, ndani ya suti kubwa kama turubai, kwenye ile filamu ya onyesho lao la Hollywood la 1983. Suti ile imeigizwa na kila mtu, hata yule chura Kermit wa vikaragosi vya Muppets. Haya, isahauni. Walianza kama bendi ya vijana waliotoka chuo cha sanaa, wakapanda jukwaani mara ya kwanza 1975 pale CBGB, klabu ya New York, wakiwatangulia bendi ya Ramones. Muziki wao ukawekwa kwenye fungu la nyu wevu, yaani wimbi jipya: watoto wa panki waliokataa kupiga kelele tu. Lakini ilipofika 1980 walikwenda Nassau, Bahamas, kwenye studio za Compass Point, wakiwa na mtayarishaji wao Brian Eno, ambaye wakati ule Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria, alikuwa amemwingia kichwani hasa. Santuri ya Fela ya 1973, Afrodisiac, ndiyo waliyoifanya kielelezo.

Na wakafanya kitu ambacho bendi za roki zilikuwa hazifanyi. Badala ya kutunga wimbo wenye ubeti, kiitikio na daraja, walipiga kipande kimoja, wakakirudia na kukirudia bila kubadili kodi (chords, zile noti zinazopigwa pamoja), kisha wakapandisha juu yake kipande kingine, na kingine tena. Wakati wa kuchanganya sauti ndipo wakawa wanafungua hiki na kufunga kile. Wimbo hausafiri kwenda popote. Unanenepa palepale ulipo. Kwa mtu aliyelelewa na sebene hilo si geni: gita linashika kamba moja, linaizungusha, na wewe unasubiri huku unafurahia kusubiri.

Kwa hiyo niliposikia wale akina dada kwenye The Great Curve wanarudia kipande kilekile, tena na tena, huku pigo likichechemea kidogo kila linapoanza upya, nilisema moyoni: aisee, hawa watu walikuwa mbali. Ile kuchechemea ndiyo niliyoipenda zaidi. Nilidhani ni ufundi.

Wimbo ule kwangu ulikuwa na urefu usiotabirika. Siku nyingine dakika saba, siku nyingine kumi na mbili. Nyumba yetu iko karibu na barabara ya malori ya moramu, na sasa naelewa kwamba lori likipita, meza inatetemeka, sindano inaruka mbele na wimbo unaendelea. Jumapili malori hayapiti. Niliwahi kumwambia mwenzangu kazini kwamba wimbo huu, ukiusikiliza Jumapili, una utulivu wa namna yake. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Aliyeniumbua ni mama. Alikuja kututembelea, nikamwekea santuri nikijidai, akakaa kimya na kikombe chake cha chai. Baadaye akauliza, "Mwanangu, hao mabinti hawachoki?"

Nikamwambia mama, huu muziki ndivyo ulivyo, ni wa kurudia. Akaniangalia. Akasema, "Hata Yesu alirudia mara tatu, akasonga mbele."

Ndipo nikachukua simu, nikautafuta wimbo huohuo mtandaoni. Dakika sita na nusu hivi. Akina dada wanaimba, sauti zinapandiana tatu tatu, kisha gita la Adrian Belew linaingia likilia kama tembo aliyekanyaga msumari, na mambo yanakwenda mbele! Kumbe gita linaingia mara mbili, na lile la kwanza lipo! Mimi nilikuwa sijawahi kulisikia hata siku moja, kwa sababu kila lori lilipopita sindano ilikuwa inalivuka.

Santuri inazunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.8. Wiki mbili nzima nilikuwa nasikiliza sekunde 1.8.

Nikamwandikia muuzaji. Kwa heshima kabisa: habari za leo kaka, samahani, santuri uliyonitumia inakwama upande wa kwanza, wimbo wa tatu, naomba tusaidiane. Akanijibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia watu wanacheka na vyombo vinagongana:

"Boss, hiyo ngoma iko hivyo. Hao wasee walikuwa wanarudia vitu, ndiyo staili yao. Hiyo ni nyu wevu, si bongo flava."

Si bongo flava! Nimeirudia sauti ile mara nyingi kuliko nilivyourudia wimbo wenyewe. Nikamtumia urefu wa wimbo. Akasema huo wa mtandaoni umekatwa. Nikamtumia video ya sindano ikirudi palepale kama mlevi anayetafuta mlango. Akasema niweke sarafu juu ya kichwa cha sindano. Nikasema sarafu itaikwangua sahani. Akasema, "Watu wa Arusha mnapenda complain sana, ingekuwa poa muuze tu vitunguu." Baada ya hapo tiki mbili za bluu, kimya.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo damu inapochemka. Huyu huyu bwana, wakati ananiuzia, aliniambia jalada lina hitilafu ya kiwanda. Alisema sura za watu zimefunikwa na rangi nyekundu na herufi A kwenye jina la bendi zimepinduka, miguu juu. Kwa ajili hiyo akanipunguzia shilingi mia tatu za Kenya. Jalada hilo ni mojawapo ya majalada maarufu duniani! Sura nne, za wanabendi wenyewe, Byrne, Jerry Harrison, Tina Weymouth na Chris Frantz, zilifunikwa wekundu makusudi kwa kompyuta za MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, miaka ambayo kompyuta ilijaza chumba. Herufi zilipinduliwa na msanifu Tibor Kalman akiwa amekaa macho. Na zile ndege za kivita zinazopita juu ya milima ya Himalaya ni heshima kwa baba yake Weymouth, aliyekuwa rubani na admirali wa jeshi la majini la Marekani.

Kwa hiyo sanaa aliiona kasoro, na kasoro akaniambia ni sanaa. Mtu wa namna hiyo ndiye anayenifundisha mimi muziki.

(Nakiri jambo. Kuhusu jalada nilikuwa najua. Nilishaliona zamani. Aliposema atanipunguzia, nilinyamaza nikachukua mia tatu zangu. Sijui kama hilo linapunguza haki yangu ya kulalamika. Pengine linapunguza nusu nyota. Sipunguzi.)

Hasira yangu ina mzizi mwingine pia. Mimi bendi hii niliifikia kwa mlango wa nyuma, kupitia Angélique Kidjo, mwanamuziki wa Benin, ambaye 2018 aliirekodi upya albamu hii yote tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na Tony Allen, mpiga ngoma wa zamani wa Fela, akiwamo. Kidjo amesimulia kwamba alipofika Paris akitokea Benin, 1983, aliusikia wimbo wao Once in a Lifetime, akasema huu ni muziki wa Kiafrika. Wenyeji wake wakambishia: hapana, huo ni roki. Alikuwa sahihi yeye. Hao vijana hawakuwahi kuficha walikochota. Albamu ilipotoka, Byrne aliwaambia waandishi hata vitabu alivyosoma kuhusu ngoma za Afrika Magharibi. Basi na mimi, miaka mingi baadaye, nimekaa Arusha naambiwa na mtu ambaye hajawahi kuisikiliza sahani anayoiuza kwamba sikio langu halijui roki. Ingawa, kusema kweli, sikio langu lilikaa wiki mbili ndani ya sekunde 1.8. Hapo sina la kusema.

Mama alipoondoka nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa redio, kule nyuma ya soko. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Hakuuliza ni bendi gani wala ni wimbi la ngapi. Akaishika sahani kwa kingo, akaisogeza kwenye taa, akavaa lenzi yake jicho moja, akasema, "Hapa pana gundi." Si mkwaruzo. Ni kipande kidogo cha gundi ya kibandiko cha bei, kisichofikia hata punje ya ulezi, kimelala ndani ya mfereji. Akakilainisha kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, akakitoa kwa kijiti cha kuchokolea meno, taratibu, akifuata mzunguko wa mfereji. Shilingi elfu tano. Kibandiko cha bei, jamani. Yaani bei ya yule bwana ndiyo iliyokwamisha wimbo.

Nilirudi nyumbani nikaiweka. Wimbo ukapita moja kwa moja. Gita la Belew likaingia, mara ya kwanza, halafu baadaye tena, na nywele za mikono zikasimama. Nikageuza upande wa pili: Once in a Lifetime, ambao Uingereza ulifika namba 14 na huko kwao Marekani haukufika popote, mpaka video yake, Byrne akitokwa jasho kama mhubiri wa mkutano wa injili, ilipozungushwa na MTV, kituo cha televisheni cha muziki. Halafu tarumbeta ya Jon Hassell kwenye Houses in Motion, ambayo haifanani na tarumbeta kabisa. Nilielewa kwa nini wanne hawa hawakuweza kuupiga muziki huu peke yao jukwaani, wakalazimika kuongeza watu hadi wakawa tisa. Na nilielewa kwa nini waligombana baadaye kuhusu nani aandikwe mtunzi, maana kwenye kitu kilichojengwa hivi, nani atasema tofali lipi ni la nani? Jalada liliwataja Byrne na Eno kwanza, wengine wote wakafunikwa na jina la bendi. Hata mimi ningenuna.

Santuri yenyewe basi ni nyota tano. Fundi, tano. Boksi la biskuti, nne, lilifanya kazi yake. Muuzaji anabaki na sifuri. Au tuseme moja, kwa ajili ya ile mia tatu.

Kuna jambo ambalo nyumbani sijamwambia mtu. Juzi Jumapili, hakuna malori, niliiweka The Great Curve, na ilipofika pale mahali nikajikuta nimeshikilia pumzi, nasubiri ichecheme. Haikuchechema. Ikapita. Wimbo mzuri mno, lakini ule wa kwangu ulikuwa na kitu.

Jana muuzaji amebandika Speaking in Tongues, ya 1983. "Safi kama mpya." Nimemwandikia. Nimesema kaka, habari za siku nyingi, niwekee, lakini kwanza ipige yote pande mbili, simu ikiwa karibu na spika, nisikie mwenyewe hadi mwisho. Tiki ni za bluu tangu asubuhi. Hajajibu bado.