Pawa saplai ya kujiundia ya volti 0 hadi 30: iliniulia redio ya mjomba

Hii ni ile seti ya kujiundia pawa saplai, kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti unazotaka, kutoka China, volti 0 hadi 30 na ampea 3, imejaa madukani. Vipimo viko kwenye kikaratasi chake, sivirudii. Mimi niliinunua duka moja la Kariakoo, na muuzaji mwenyewe ndiye aliyenichagulia transfoma ya volti 24, kama kikaratasi kinavyoagiza. Shikeni hilo la transfoma.

Kuiunda ni raha tupu. Bodi safi, lehemu inashika vizuri, na ikiwaka inashuka hadi sifuri kabisa. Saketi ya kawaida ya LM317, ile IC (chipu) ya kurekebisha volti, hugota kwenye volti 1.25, na haina volyumu ya kuzuia ampea. Nilishaanza kuisifia kwa wenzangu.

Jioni moja nikaiweka volti 9, nikaunga redio ya mjomba niliyokuwa naitengeneza. Tap! Harufu ya plastiki iliyoungua, sindano ya mita ikaruka kupita 30. Mpaka nachomoa waya, IC ya sauti ya redio imepasuka katikati. Kugeuza bodi ya pawa saplai, TL081 moja, zile IC zinazodhibiti volti na ampea, ina kitundu mgongoni, na pembeni yake masizi.

Nikairudisha dukani. Yule kijana hata hakuishika. Akaitazama tu juu ya kabati la kioo, akasema mbele ya wateja, "Kaka, umeunguza mwenyewe. Kama kazi huijui, si umpe fundi?" Nikamwambia, mdogo wangu, chukua mita tupime pamoja. Akageukia mteja mwingine.

Basi nawapimia nyinyi. Volti 24 za AC zikipita kwenye dayodi na kujaza kapasita zinafika kama 33, na transfoma isiyo na mzigo huzidi hapo. Ndani kuna pia volti 5 za upande hasi, ndizo zinazoiwezesha kushuka hadi sifuri. TL081 mbili kati ya tatu zinabebeshwa volti hizo zote kwa pamoja, yaani 38 na zaidi, wakati kikomo chao ni 36. Itafanya kazi leo, itafanya kesho, halafu umeme ukipanda kidogo tu usiku, kwaheri. Fundi gani angeiokoa?

Na hizo ampea 3 kwenye volti 30 ni uongo. Kapasita yake ya mikrofaradi 3,300 ikivutwa ampea 3 kwa umeme wetu wa hezi 50, inaporomoka volti nane au tisa kabla haijajazwa tena. Hiyo 30 itatoka wapi?

Nilikuwa niishie hapo niseme msinunue. Lakini haki ya mtu mpe. Fundi mmoja wa kusuka mota alinisukia transfoma ya volti 18, nikabadilisha zile TL081, nikafunga bati kubwa la kupozea na feni juu ya transista ya kutolea. Sasa hivi ndiyo pawa saplai ninayoitegemea mezani. Haifiki 30, inaishia karibu 20, na kwa redio na taa za LED inatosha sana. Juzi bodi ya mteja ilikuwa na shoti. Volyumu ya ampea ikaishika palepale, hakuna kilichoungua. Kwa hiyo saketi yenyewe naipenda, nitoe nyota nne.

Hapana, tatu. Redio ya mjomba bado iko wazi mezani, IC yake nimeizungukia Kariakoo nzima sijaipata, na kila akipiga simu kuiulizia nasikia tena lile neno "si umpe fundi". Ziwe mbili. Hela yangu simdai. Ninachotaka ni abandike karatasi kwenye lile kabati la kioo, aandike kwa herufi kubwa: TRANSFOMA VOLTI 18, SI 24.