Uzoefu wangu: Riwaya za vita vya Mjerumani, ramani mezani na hesabu ya unga

Ninachokipima hapa ni riwaya mbili za Abdulrazak Gurnah zikisomwa kwa kufuatana. Ya kwanza ni Peponi, ambayo ni Paradise ya 1994 kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ya pili ni Afterlives ya 2020, ambayo nimeisoma kwa Kiingereza. Ya vita hasa, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa huku kwetu kati ya Mjerumani na Mwingereza na wenzake, ni hii ya pili. Lakini anza na Peponi hata kama una haraka ya kufika vitani. Mle Yusuf anatolewa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, anafuata msafara hadi bara, na kitabu kinafungwa askari wa Mjerumani wakiwa wameshafika mlangoni. Afterlives inakuingiza ndani ya safu ya askari hao. Ukianza na ya pili, utamwona Hamza anajiandikisha jeshini kwa hiari yake na utamshangaa. Ukitoka kwa Yusuf hutashangaa sana.

Wengi wanaoiacha Afterlives wanaiachia sehemu ya mwanzo, kabla hata bunduki haijaonekana. Kuna Khalifa na biashara ya tajiri wake, kuna Ilyas anayerudi kumtafuta dada yake Afiya, kuna nyumba, madeni na maneno ya watu. Usiruke hata ukurasa mmoja. Nyumba ile ndiyo vita itakapokuja kuhesabiwa baadaye, na asiyeijua atasoma nusu ya mwisho kama kitabu kingine. Chukua kadi moja kwa kila mhusika, uandike mambo manne tu: jina, ametoka wapi, yuko kwa nani, na ukurasa aliooneshwa mara ya mwisho. Hilo la nne ndilo linalosahaulika. Ilyas anapotea machoni kwa sehemu kubwa ya kitabu, na baadaye anakuja Ilyas mwingine aliyerithi jina, kwa hiyo bila namba ya ukurasa utarudi nyuma kutafuta kama aliyeangusha sindano mchangani.

Ramani nunua au uchapishe mwenyewe, karatasi ya A3, kwa sababu kwenye A4 majina ya kusini yanabanana hayasomeki. Chagua ramani ya sasa, kisha uandike kwa penseli majina ya Kijerumani na ya Kiingereza yaliyotumika wakati ule: Wilhelmstal ni Lushoto, Neu Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga, Sphinxhafen ni Liuli, Abercorn ni Mbala ya Zambia. Ramani ya zamani peke yake itakupoteza, na ya leo peke yake haitakuonesha kitu msimulizi akitaja boma fulani kwa jina la Mjerumani.

Juu ya ramani hiyo weka tarehe chache, zisizidi nane. Mapigano ya Tanga, 2 hadi 5 Novemba 1914. Manowari ya Königsberg kuzamishwa delta ya Rufiji, Julai 1915, na mizinga yake kumi ya milimita 105 kuopolewa na kuendelea kutumika nchi kavu. Moshi kuchukuliwa, Machi 1916. Dar es Salaam na Tabora, zote Septemba 1916, Tabora ikiangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo. Mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917. Wajerumani kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji, Novemba 1917. Mwisho kabisa 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, anaweka silaha chini Abercorn, wiki mbili nzima baada ya vita kwisha Ulaya. Riwaya haikupi tarehe hizi kwa mpangilio, na wala si kazi yake. Inaweza kuruka miezi mingi ndani ya aya moja. Msomaji asiye na kalenda anafikiri wahusika wanazunguka porini bila sababu, kumbe ndivyo vita yenyewe ilivyokuwa baada ya 1916: kurudi nyuma, kupigana, kurudi nyuma tena kuelekea kusini.

Vyeo navyo vitakusumbua kidogo. Kwa Waafrika wa jeshi la Mjerumani ngazi zilipanda hivi: askari, ombasha, shaushi, betshaushi, sol, na juu yake effendi. Wazungu walikuwa na zao, Feldwebel na Oberleutnant, na ni muhimu kutowachanganya hao wawili. Feldwebel ni mkubwa wa askari wa kawaida lakini si ofisa; Oberleutnant ni ofisa. Uhasama wa aina yake kati ya watu wa vyeo hivyo viwili ndio unaosukuma sehemu nzuri kuliko zote za Afterlives, sehemu ya Hamza kufundishwa Kijerumani na ofisa wake. Siifichui zaidi, ila nitasema jeraha kubwa la kitabu hicho halitoki kwa adui.

Sasa unga. Hili ndilo ninalolipimia riwaya yoyote ya vita hii, iwe ya nani. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, kwa hiyo mizigo ilipanda vichwani mwa watu. Chukua mpagazi mmoja, mzigo wa kilo 25 za unga, na posho ya kilo moja kwa siku. Mwache atembee siku 12, ageuke, arudi siku 12. Amekula kilo 24 na amefikisha kilo moja. Ndiyo maana kila jeshi lilikuwa na wapagazi wengi kuliko wanajeshi, ndiyo maana askari waliingia mashambani kuchukua chakula cha watu, na ndiyo maana njaa ilifuata mahali walipopita. Riwaya inayoonesha safu ya askari mia mbili ikipita mwezi mzima porini bila mtu kutaja chakula, mwandishi wake hajapiga hesabu. Afterlives inafaulu mtihani huu. Uporaji wa vijiji umo, tena bila kupambwa. Inapopungua, kwa maoni yangu, ni kwamba mpagazi mwenyewe hapati sauti. Tunamwona kwa jicho la askari. Kasoro hiyo si ya kitabu peke yake: sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, ya 1927, ina askari mmoja tu na bunduki yake, wakati ile ya Nairobi angalau mpagazi amewekwa pembeni. Tumebakiwa na jina Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, na tunaenda huko kununua vitenge.

Hela pia ni kipimo kizuri. Tangu 1904 rupia moja ya Mjerumani ilikuwa heller 100, na neno hilo bado tuko nalo mifukoni. Kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64. Ukikuta riwaya inamlipa askari wa 1916 kwa shilingi za Afrika Mashariki, funga kitabu unywe chai kwanza, maana shilingi hiyo ilikuja 1921.

Kuhusu kitabu cha karatasi au cha kielektroniki: Afterlives nilishika vyote viwili. Cha kielektroniki ni chepesi na unatafuta jina la mhusika kwa sekunde moja, faida kubwa kwa suala la akina Ilyas. Lakini kamusi iliyomo ndani yake ilikuwa ya Kiingereza tu. Ukibonyeza neno la Kijerumani au la Kiswahili inakuletea ukurasa mtupu. Na vifaa vingi vya skrini ya nyeusi na nyeupe havikupi rangi za kutenganisha alama, wakati kwenye karatasi natumia penseli mbili: nyekundu kwa mahali, buluu kwa tarehe. Peponi chukua ya karatasi bila kusita, uisome kwa sauti pale watu wanapoamkiana na kurushiana vijembe. Mazungumzo yaliyokuwa yamevaa Kiingereza yamerudi nyumbani, na baadhi ya dhihaka za dukani zinachekesha kwa Kiswahili kuliko zinavyochekesha kule zilikoanzia.

Kwa anayetaka mizinga na mbinu za makamanda, Afterlives itamkera. Peponi naipa nyota tano. Afterlives nne na nusu, na nusu iliyobaki ni ya mpagazi. Kama una wiki tatu, wiki moja ni ya Peponi, mbili za Afterlives. Katikati ya vitabu hivyo tenga jioni moja usome habari za Maji Maji, 1905 hadi 1907, hasa jinsi mashamba na maghala ya kusini yalivyochomwa, kwa sababu wahusika wa Afterlives wanalisema jina la askari kwa hofu ambayo mwandishi anadhani unaijua tayari.