Uzoefu wangu na spika za honi za Klipsch La Scala mjini Tabora

Kwa miezi kumi na minne sasa nimekuwa nikisikiliza muziki nyumbani kwangu Isevya, Tabora, kwa jozi ya spika za Klipsch La Scala zilizotengenezwa Marekani miaka ya 1970. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu anayefikiria kununua spika za honi zilizotumika, na anayeishi kama mimi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa na vipuri maalumu havipatikani dukani. Niseme mapema kwamba sikuzifuata kwa ajili ya kelele. Nilizifuata kwa sababu zinakula umeme kidogo.

Kabla ya hapo nilikuwa na spika mbili ndogo za kuweka juu ya rafu, zilizoandikwa unyeti wa desibeli 87, yaani sauti inayopimwa mita moja mbele ya spika inapopewa wati moja. Amplifaya yake ilikuwa ya wati 60. Umeme ulipokatika niliiwasha kwa inveta, na betri ya sola iliyotakiwa kubeba taa na feni hadi asubuhi ilikuwa imelegea kabla ya saa nne usiku. La Scala zimetajwa na kiwanda kuwa na desibeli 104. Tofauti ya desibeli 17 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa hesabu ya nguvu ni mara hamsini: kazi iliyohitaji wati 50 kwenye spika zangu za zamani inafanywa na wati moja. Hata ukiipunguzia namba ya kiwanda desibeli chache, kama ilivyo busara kufanya kwa namba zote za viwandani, bado faida ni kubwa mno.

Siri iko kwenye honi. Mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba huzungushia mdomo viganja, na sauti inafika mbali bila yeye kuongeza pumzi. Honi hufanya hivyo hivyo: inaunganisha utando mdogo unaotetemeka na hewa nyingi iliyo chumbani, kwa hiyo utando hauhitaji kwenda mbele na nyuma sana, na kwa kuwa hausogei sana, sauti haichafuki. Wengi wetu tukisikia neno honi tunakumbuka zile za matangazo zinazofungwa juu ya gari, na nakiri kwamba hofu hiyo nilikuwa nayo hata mimi.

Nilizipata Dar es Salaam, Upanga, kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Siku hiyo hiyo nilikwenda Ilala kusikiliza jozi ya Heresy, ndugu ya La Scala aliye mdogo kwa umbo, kutoka kiwanda hicho hicho kilichoanzishwa na Paul Klipsch katika mji wa Hope, Arkansas. Heresy ilitoka mwaka 1957 na La Scala mwaka 1963. Jina la Heresy lina maana ya uzushi wa kidini, na mzaha huo una msingi wake, kwani kwa kiwanda cha honi ni kama kukiuka imani: kwenye spika hiyo ni sauti ya kati na ya juu tu inayopita kwenye honi, wakati besi inatoka kwa woofa ya inchi 12 iliyofungwa kwenye boksi la kawaida. La Scala ina woofa ya inchi 15 iliyofichwa nyuma ya honi ya mbao iliyokunjwa, hivyo sauti zote tatu ni za honi. Heresy ingetosha kwenye sebule nyingi, inabebwa na mtu mmoja, na bei yake ilikuwa shilingi 1,700,000 dhidi ya 3,200,000. Lakini unyeti wake ni desibeli 96, na nilipozisikiliza zote mbili kwa sauti ya chini, ile ya kusikiliza watoto wakiwa wamelala, Heresy ilififia ilhali La Scala ilibaki na uhai. Hapo ndipo nilipoamua.

Anayekwenda kununua abebe vitu vitatu: tochi, mita ya fundi umeme na gazeti. Tochi ni ya kumulika ndani ya mdomo wa honi ya besi kutafuta mbao zilizoachana na dalili za mchwa. Gazeti unalikunja kama mrija, upande mmoja sikioni na mwingine kwenye tweeta, ile inayotoa sauti za juu kabisa, kwa sababu tweeta iliyokufa ni rahisi kutoigundua; honi ya kati inaendelea kuimba kwa nguvu na wewe unadhani kila kitu kizima. Kwenye jozi yangu mrija wa gazeti ulinionyesha kwamba tweeta ya kushoto ilikuwa dhaifu kuliko ya kulia, na mita haikuonyesha waya uliokatika, nikahisi tatizo liko kwenye krosova, yaani kile kipande cha ndani kinachogawa sauti kwa kila honi. Muuzaji alinipunguzia laki mbili. Jambo la kufurahisha kwa spika hizi za kale ni kwamba ukingo wa woofa ni wa kitambaa, si wa sponji, kwa hiyo hauliwi na miaka kama ilivyo kwa spika nyingi za miaka ya 1980.

Usafirishaji nisingependa kuusimulia sana. Kila spika ina uzito unaozidi kilo 50, na njia kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800. Niliandika kwa kalamu nene juu ya maboksi upande unaotakiwa kuwa juu, na wasafirishaji wakazilaza upande mwingine. Kirikuu ilipozishusha mlangoni, spika moja ilikuwa haina sauti ya kati kabisa. Nilikosa usingizi usiku huo. Asubuhi fundi redio wangu alifungua mgongo akacheka: kile chuma kizito kinachosukuma honi ya kati hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na mtikisiko wa safari ulikuwa umekifungua, kikawa kinaning'inia kwa nyaya zake na waya mmoja umechomoka. Tulikirudisha kwa mkono, tukachomelea waya kwa risasi, basi. “Mzee,” aliniambia huku akiipiga mbao kwa kidole, “hii si spika, ni kabati.”

Krosova ndiyo iliyotuchukulia wiki mbili. Kazi yake ni kugawa sauti: chini ya hezi 400 kwenda woofa, kati ya 400 na 6,000 kwenda honi ya kati, na juu ya hapo kwenda tweeta. Kapasita zake, yaani vile vipuri vinavyochuja sauti isiyotakiwa, ni za mafuta ndani ya kopo la bati, na baada ya miaka zaidi ya arobaini mbili zilikuwa zimechoka. Vipimo vinavyotakiwa ni mikrofaradi 2 kwa tweeta na 13 kwa honi ya kati. Fundi hakuwa na kapasita za redio za vipimo hivyo zisizo na chanya na hasi. Ndipo tulipokumbuka pangaboi. Kapasita ya feni ya dari inapatikana katika duka lolote la vifaa vya umeme hapa mjini, na ya mikrofaradi 2 si ya kutafuta. Kwa 13 tulichukua ya mota ya pampu ya maji yenye 12 tukaiunganisha sambamba na nyingine ya 1. Wanaojua watasema hiyo si ajabu, kwa kuwa hata zile za kiwandani zilikuwa za jamii hiyo hiyo ya kapasita za mota. Gharama yote haikufika shilingi 40,000, na tweeta ya kushoto ikalingana na mwenzake.

Kisha kulikuwa na suala la chanya na hasi, yaani kuhakikisha spika zote mbili zinasukuma hewa kwa pamoja, si moja kusukuma huku nyingine ikivuta. Kwenye spika za kawaida unagusisha betri ndogo ya tochi ukaangalia koni inaelekea wapi. Kwenye La Scala koni huioni, imefichwa. Niliweka rekodi ya zamani isiyo ya stereo, nikazielekeza spika zitazamane, nikabadilisha nyaya za moja. Nyaya zikiwa namna moja, besi ilijaa na mwimbaji akasimama katikati. Zikiwa namna nyingine, besi ilitoweka na sauti ikawa kama ya mtu aliye nyuma ya ukuta. Mwenye spika wa awali alikuwa amefunga moja kinyume, na sijui alisikiliza hivyo kwa miaka mingapi.

Sebule yangu ni ya mita nne na nusu kwa tano na nusu, sakafu ya saruji, na mwanzoni ilikuwa inarudisha sauti kama darasa lisilo na wanafunzi. Mkeka mkubwa, mapazia mazito na kabati la vitabu nyuma ya kiti vilifanya kazi ambayo hakuna kifaa kingeifanya. Spika nimezisogeza karibu na pembe za chumba ili besi iongezeke, na nimezigeuza ndani kiasi kwamba mielekeo yake inakatana mbele kidogo ya kiti ninachokalia. Nimezisimamisha juu ya matofali mawili mawili. Kwanza, honi ya kati inakuwa sawa na sikio la aliyeketi, na pili, mchwa wa Tabora hawana mzaha na plaiwudi iliyogusa sakafu. Wakati wa kiangazi nyigu wa udongo walianza kujenga ndani ya mdomo wa honi, kwa hiyo zisipotumika nazifunika kwa kanga mbili za mke wangu, ambazo hajazidai bado.

Amplifaya ninayotumia sasa ni ndogo, ya volti 12, isiyofika wati 10, iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri ya sola bila inveta. Kwa usikilizaji wa kawaida inavuta chini ya nusu ampea. Lakini spika zenye unyeti huu hazifichi uchafu wowote: amplifaya ya kwanza niliyonunua ilikuwa na mchirizo wa “ssss” uliosikika hadi jikoni, na fundi alilazimika kubadilisha rezista mbili kupunguza ukuzaji wake. Mvumo mwingine ulitoka kwenye simu iliyokuwa inachajiwa kwa betri ile ile huku ikicheza muziki. Nilipoichomoa chaja, kimya.

Kuhusu sauti yenyewe, rekodi za zamani za muziki wa dansi ndizo zilizonishinda. Nimesikiliza Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz tangu utotoni, lakini sikuwahi kusikia kucha ya mpiga gitaa ikigusa waya kabla ya noti, wala pumzi ya mpuliza saksafoni anapojiandaa kuingia. Taarabu nayo inafaidi, hasa sauti za waimbaji. Asiyefaidi ni kijana wangu mwenye Bongo Fleva yake, kwani besi ya La Scala inaishia karibu na hezi 50, na yeye anataka ile inayotikisa dirisha. Nimemwachia sabufa yake chumbani.

Kasoro iliyobaki ni mbao za ubavuni. Ni nyembamba kwa ukubwa wake, na gitaa la besi likipigwa kwa nguvu ukiweka kiganja unazihisi zikitetemeka, na sauti inapata mwangwi wa sanduku. Seremala wa Ng'ambo amekwisha kunikatia vipande vinne vya mninga vya kubana kati ya ubavu na honi ya ndani. Nitavifunga kwa skurubu bila gundi, ili siku nikiamua kuziuza, anayezinunua aweze kuzirudisha zilivyotoka kiwandani.