Betri za AA za kihisi cha hali ya hewa: ipi ipande nguzoni, ipi ibaki ndani

Kihisi cha juu ya nguzo kikikata mawasiliano, wengi huanza kuilaumu rauta au kuzimazima kioo cha ndani, yaani skrini inayoonyesha vipimo. Mara nyingi shida ni betri mbili za AA. Na si kwamba zimeisha tu: zimetoa maji, springi imeota ukungu wa kijani, na kifaa kizima kimeuawa na betri za bei ya soda.

Ndiyo maana orodha hii imepangwa kwa swali moja: betri ikisahauliwa kule juu miaka miwili, itakifanya nini kifaa chako? Muda wa kudumu unakuja baadaye. Miongozo ya Ulaya na Marekani inasifu lithiamu kwa sababu ya baridi ya kugandisha, lakini Tanga au Kisumu hiyo haituhusu. Sisi tunapambana na jua, unyevu, chumvi ya bahari na ngazi ya kuazima kwa jirani.

Dukani, soma msimbo

Kila betri ya AA ya kweli ina msimbo mdogo ubavuni. FR6 ni lithiamu ya volti 1.5. LR6 ni alkalaini. HR6 ni ya kuchaji, ya nikeli. R6 isiyo na herufi nyingine mbele ya R ni ya zinki na kaboni, yale mawe ya redio na tochi tuliyoyazoea. Maneno makubwa kama "Heavy Duty" na "Super" yasikubabaishe, kwa kawaida huandikwa kwenye R6.

Ukiwa na mizani ndogo ya jikoni, pima. Alkalaini ya AA ina gramu 23 hivi, lithiamu FR6 ina gramu 15 hivi. Betri iliyoandikwa LR6 ikisoma gramu 16 au 17, hiyo ni zinki iliyovalishwa koti la alkalaini. Mrudishie muuzaji.

1. Lithiamu FR6: ya nguzoni

Inayopatikana zaidi ni Energizer Ultimate Lithium, namba yake L91. Imetengenezwa kufanya kazi kuanzia nyuzi -40 hadi 60 za Selsiasi, na ikiwa haijatumika hukaa kabatini miaka 20 na zaidi. Ndani yake hamna yale maji ya magadi yanayokula shaba, na hilo peke yake linatosha kuiweka juu. Bei yake ni mara kadhaa ya alkalaini. Ukipiga hesabu ya kupanda paa mara moja badala ya mara mbili au tatu, inalipa.

Ina tabia moja ya kuijua mapema. Ikiwa mpya, bila mzigo, husoma karibu volti 1.8. Ikianza kazi hushuka hadi 1.5 na kubaki hapohapo karibu maisha yake yote, kisha mwishoni huporomoka ghafla. Alama ya betri kwenye kioo itaonyesha imejaa leo, na wiki ijayo kihisi kimenyamaza. Usiitegemee alama hiyo. Andika tarehe kwenye kipande cha utepe, bandika ndani ya mfuniko, ubadilishe kwa kalenda. Na kama kitabu cha kifaa kinakataza lithiamu, kitii.

2. Alkalaini LR6: ndani na kivulini

Kwa kihisi cha sebuleni, cha banda la kuku au cha chini ya upenu usiopigwa jua, alkalaini ya jina linaloaminika inatosha kabisa. Vihisi vidogo vya joto na unyevu, kama WH31 ya Ecowitt, hutuma taarifa kila dakika moja hivi. WS69 ya kampuni hiyohiyo, inayopima upepo na mvua nguzoni, hutuma kila sekunde 16, yaani mara 5,400 kwa siku. Kazi hazilingani, basi na betri zisilingane.

Ubaya wa alkalaini ni kuvuja. Ndani yake kuna haidroksaidi ya potasiamu. Betri ikinyonywa kupita kiasi hutoa gesi ya haidrojeni, shinikizo linapanda, muhuri wa chini unapasuka na maji yanatoka. Joto huharakisha mambo. Kuchanganya betri mpya na kuukuu ni kosa baya zaidi, kwa sababu ile nzima huendelea kusukuma umeme ndani ya ile iliyokwisha mpaka chanya na hasi zake zibadilishane. Badilisha zote pamoja, za pakiti moja, kila miezi 12 hata kama bado zinasoma vizuri. Kwa maltimita (kipima volti), mpya husoma volti 1.6 hivi. Ikifika 1.2, itoe. Ile hila ya kuidondosha mezani uone kama inaruka haikuambii kiasi kilichobaki, kwani hata iliyofika nusu tu huruka.

3. Ya kuchaji ya nikeli, HR6: kwenye kioo cha ndani tu

Eneloop na za aina yake ni betri nzuri sana, tatizo ni volti 1.2. Mbili kwa pamoja zinatoa 2.4 badala ya 3, na vihisi vingi vikiona hivyo huwasha alama ya betri kuisha siku ya kwanza. Vitabu vya kampuni ya Ambient Weather vinasema waziwazi kwamba haizipendekezi kwa vihisi vya nje.

Wanunuzi wengi huteleza hapa: wanaona paneli ndogo ya sola juu ya kihisi, wanadhani itazichaji. Kwenye vifaa vingi vya namna hii paneli hujaza kapasita (kitunza umeme cha muda mfupi), ambayo hubeba mzigo wa mchana na kupokezana na betri usiku. Betri zenyewe hazichajiwi. Kwenye kihisi cha Acurite 5-in-1 cha mwanzo paneli haipeleki umeme kwenye betri wala kwenye redio, inazungusha feni ndogo ya kupoza kipimajoto. Kama kitabu hakijaandika kwamba betri zinachajiwa, chukulia hazichajiwi.

4. Lithiamu ya kuchaji kwa waya wa USB

Inatoa volti 1.5 kwa sababu ina saketi ndani ya kushusha volti. Saketi hiyo hula umeme hata kihisi kikiwa kimetulia, inaweza kupiga kelele kwenye mawimbi ya redio, na chaji ikiisha hukata kama swichi. Iweke kwenye midoli. Usiichanganye na 14500, ambayo ina umbo la AA lakini ikijaa ni volti 4.2. Mbili zake zinaunguza kihisi.

5. R6 ya zinki na kaboni

Hapana. Mkebe wake ni zinki inayoliwa kadiri betri inavyofanya kazi, hivyo kutoboka ni suala la muda.

Wenye vituo vya hali ya hewa vya Davis

Vantage Vue na Vantage Pro2 hazimo kwenye shindano hili. Nje zinatumia CR123A moja ya lithiamu ya volti 3, isiyochajiwa, ikisaidiwa na sola na kapasita. Usitie RCR123A ya kuchaji. Kioo chao cha ndani cha awali kinachukua betri tatu za C, na hapo alkalaini inatosha.

Ikiisha ndani ya miezi miwili

Piga hesabu. Betri ya mAh (miliampea-saa) 2,400 kwenye kihisi kinachokula wastani wa miliampea 0.15 inadumu saa 16,000, karibu miezi 22. Ikiisha kwa siku 60, ina maana kuna kitu kinakula miliampea 1.7, mara kumi na zaidi. Kubadilisha aina ya betri hakutakusaidia. Angalia kama paneli imefunikwa na vumbi au kinyesi cha ndege, kama raba ya mfuniko imekatika na maji yanaingia, kama sisimizi wamehamia ndani, kama springi imelegea. Umbali hauhusiki: vihisi vingi vya nyumbani hutuma tu wala havijui kama kioo kimesikia, kwa hiyo kukihamisha kioo chumba cha mbali hakumalizi betri za nje.

Wakati wa kubadilisha

Toa betri kuukuu, kisha funika paneli kwa kitambaa cheusi au ingiza kihisi chumba chenye giza mpaka kapasita iishe nguvu, la sivyo kifaa hakitaanza upya. Ukikuta unga mweupe au wa kijani wa alkalaini, upanguse kwa kijiti cha pamba chenye matone ya siki au ndimu. Ikiwa iliyovuja ni ya zinki, tumia magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa. Malizia kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Kwa walio karibu na bahari, paka girisi ya silikoni kwenye raba, na kiasi kidogo mno kwenye springi.

Weka betri mpya za kihisi kwanza, kikiwa mita mbili au tatu kutoka kwenye kioo. Baadhi ya vihisi hujipa namba mpya kila betri zikitolewa, hivyo kioo hakitakitambua mpaka ukiamuru kitafute upya. Subiri kisome joto na unyevu kwa robo saa bila kukatika, ndipo ukipandishe nguzoni.