Mayai ya chatu wa Burma: umwachie mama au uyatie mashineni?

Chatu jike wa Burma huyazungushia mayai mwili wake, kisha hutetemesha misuli ili kuyapa joto. Ukimtazama kwa makini utaona ubavu ukishtuka, ukitulia, ukishtuka tena. Inapendeza mno, lakini inamgharimu: kwa takriban miezi miwili hali kitu, anakonda, na kumsogelea ni hatari.

Mashine ya kuangulia hushika nyuzijoto 31 hadi 32 pamoja na unyevu, naye mama hurudia kula mapema. Ila yai lisigeuzwe. Liwekee alama ya penseli upande wa juu kabla ya kulihamisha, maana likipinduliwa kiinitete huweza kufa.

Umeme ukiwa wa kukatikakatika, mimi ningemwachia mama. Ukiwa wa uhakika, nachagua mashine, hasa jike akiwa mwembamba.