Kufungua LLC ya mume na mke Texas: tulicholipia na tulichokosa

Mimi na mume wangu tuna nyumba moja ya kupangisha hapa Houston, tuliyonunua kwa mkopo. Tulitaka LLC, yaani kampuni inayotenga mali zake na mali binafsi za wenye kampuni, ili mpangaji akianguka ngazini akatushtaki, asifikie nyumba tunayolala wala akiba ya watoto. Tukatumia huduma moja ya mtandaoni.

Kwa kasi yao, nawasifu. Ada ya jimbo ni dola 300, na cheti tulikipata baada ya siku chache. Ila walitutoza pia namba ya EIN, yaani namba ya kodi ya kampuni, ambayo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanaitoa bure. Hilo liliniuma.

Mkataba wa uendeshaji, ule unaoeleza nani anamiliki nini na kampuni inaendeshwaje, ndio ulionivunja moyo zaidi. Majina yetu yamepachikwa, asilimia 50 kwa 50, basi. Mmoja wetu akifa, sehemu yake inakwenda kwa nani? Kimya. Wala hawakuuliza kama tumeoana! Texas mali inayochumwa ndani ya ndoa ni ya wote wawili, na tangu 2002 IRS inawaruhusu wanandoa wa majimbo ya namna hiyo, kama LLC ni yao wawili tu na ni mali ya ndoa, wasiihesabu kuwa ubia. Mapato ya pango mnayaonyesha kwenye Skedyuli E, ukurasa wa mapato ya kupangisha, ndani ya ritani yenu ya kawaida ya kodi. Sisi tulielekezwa fomu 1065, ritani ya ubia, ya kuwasilishwa kufikia Machi 15, yenye malipo yake kwa mhasibu.

Kisha tukaenda kwa mwanasheria. Akauliza: hati ya nyumba ina jina la nani? Letu. Mkataba wa mpangaji? Letu. Pango linaingia wapi? Akaunti yetu ya nyumbani. Yaani LLC yetu haikumiliki hata kitasa cha mlango. Miezi saba tulikuwa tunalala tukijua tumekingwa.

Akatuzuia kukimbilia kuhamisha hati, kwa sababu nyumba yenye mkopo ikibadili mwenyewe, benki inaweza kudai mkopo wote kwa mpigo. Sheria ya shirikisho ya 1982 inamlinda na dai hilo mwenzi anayehamishiwa nyumba, LLC haimo. Tukaiandikia benki, ikakubali kwa maandishi, ndipo hati ikasajiliwa kaunti na bima ikabadilishwa jina. Wenye nyumba tayari, anzeni kwa mwanasheria, hata kama ni saa moja tu.

Jumamosi mpangaji wetu alisaini mkataba mpya mezani kwake. Hundi yake ya kwanza yenye jina la kampuni nimeipiga picha, ninayo kwenye simu.