TAHADHARI: Sarafu halisi, daraja la uongo

Wakusanyaji wenzetu, kuweni macho na wauzaji wa mtandaoni wanaouza sarafu halali kwa daraja (namba inayoonyesha hali ya sarafu) lisilo lake. Ukipima uzito na kipenyo, kila kitu kiko sawa. Wizi umejificha kwenye namba.

Kipimo cha Sheldon cha 1949 kinaanzia 1 hadi 70, na kuanzia 60 ni MS, yaani sarafu ambayo haijawahi kutumika. Mara nyingi, kati ya madaraja ya chini hakuna tofauti kubwa ya bei. Lakini ukifika 65, 66 na 67, hatua moja inaweza kuzidisha bei mara kadhaa kwa sababu zilizosalia katika hali hiyo ni chache ghafla. Dola ya Morgan (dola ya fedha ya Marekani) ya 1881 iliyopigwa San Francisco ni nyingi hadi MS 65; ikifika 68 ni habari nyingine kabisa.

Mpaka hatari kuliko yote ni kati ya AU 58 (sarafu iliyotumika kidogo tu) na MS. Dola ya Morgan ya 1884 ya San Francisco hupatikana bila tabu ikiwa imetumika, ila ikiwa MS ni adimu kwelikweli, na anayeuza 58 kama 61 anakutoza pesa nyingi mno. Usikubali picha tupu. Omba video: taa moja, sarafu ikigeuzwa polepole. Mng'ao wa asili huzunguka kama spoki za baiskeli bila kukatika. Kwenye Morgan, tazama nywele juu ya sikio na kifua cha tai. Sehemu hizo zilizoinuka zikiwa na kijivu kilichofifia na mng'ao ukakatika hapo, imetumika, hata kama muuzaji anaapa.

Mwanga ukiwa umeganda mahali pamoja, na lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10 ikaonyesha mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, imesafishwa. Iliyosuguliwa kwa brashi ya waya inayozunguka ina metali iliyosukumwa na kurundikana pembeni mwa herufi. PCGS na NGC, kampuni zinazopima sarafu na kuzipa madaraja, hawazipi sarafu hizo namba. Huandika kwamba ina kasoro, na bei hushuka sana. Ndiyo maana tapeli huitoa kwenye kasha la plastiki lenye lebo ambamo kampuni huifungia, na kuiuza ikiwa wazi, akiita "MS 65 kwa macho yangu". Macho yake hayana soko.

Wengine hutumia kasha la kampuni isiyojulikana lenye lebo ya MS 67, kisha wanakuonyesha bei ya MS 67 ya PCGS. Bei hiyo inahusu sarafu iliyopimwa na PCGS. Linganisha na mauzo yaliyokwisha kufanyika mnadani, daraja lile lile, kampuni ile ile. Vivyo hivyo alama ya kujumlisha, kama 65+: kampuni hizo mbili zimekuwa zikiitoa tangu 2010, na kama haiko kwenye lebo, muuzaji kaibandika mwenyewe kwenye tangazo.

Makasha bandia nayo yapo, na mara nyingi namba ya cheti ni ya kweli, imenakiliwa. Kwa hiyo kuona namba kwenye tovuti ya kampuni hakutoshi. Pakipatikana picha rasmi, linganisha doa kwa doa: mkwaruzo shavuni, rangi ukingoni. Visipolingana, achana nayo. Kibandiko cha CAC (kampuni inayokagua upya sarafu zilizokwisha kupewa daraja) pia kihakikiwe kwa namba hiyo hiyo ya cheti.

Kwa sarafu za shaba, RD (nyekundu) ina angalau asilimia 95 ya wekundu wake wa asili, BN (hudhurungi) haifiki asilimia 5, na RB (mchanganyiko) iko katikati. RD ndiyo ghali, hivyo hudhurungi huchovywa kwenye kemikali. Rangi ikiwa ya waridi na sawasawa kila mahali, hadi kwenye mashimo ya herufi, usinunue.

Muuzaji akikataa kurudishiwa sarafu, au akitaka pesa itumwe kama zawadi kwa rafiki, acha hapo hapo. Kama umeshanunua, usifungue kasha: ukilivunja, ushahidi umekwisha. Piga picha pande zote mbili na ukingo, hifadhi tangazo kabla halijafutwa, kisha fungua malalamiko kwenye jukwaa la mauzo na kwa aliyepitisha malipo kabla siku za kurudisha hazijaisha.